Umeshusha gari, nyuma haikai sawa: tafuta sababu kabla ya kununua springi nyingine

Mtu akifunga springi fupi kwa mara ya kwanza, gari likishatua kutoka kwenye jeki hurudi nyuma hatua chache alitazame kwa ubavu. Hapo ndipo furaha inapokatika. Mbele limekaa vizuri, vidole viwili vinajaa kati ya tairi na fenda. Nyuma ngumi nzima inapita. Mwingine hukutana na kinyume chake: nyuma imelala utadhani buti limejaa magunia ya mahindi. Wa tatu anakuta kulia kuko juu, kushoto chini.

Kinachofuata kwa kawaida ni simu kali kwa muuzaji, na baada ya simu ni grainda. Nakuomba usifike huko. Magari mengi yaliyoletwa kwangu na lalamiko hili yalikuwa na springi nzima kabisa. Kosa lilikuwa kwenye bushi zilizokazwa gari likiwa hewani, kwenye raba iliyosahaulika mezani, au kwenye shokapu isiyoendana na springi. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na mifano mingi itakuwa ya Subaru Impreza na Forester, kwa kuwa ndizo zinazonipitia kwa wingi na ndizo zenye mitego mingi nyuma. Gari lako likiwa jingine kanuni ni zilezile, na panapotofautiana nitasema.

Pima kwanza

Jicho hudanganywa na umbo la bodi. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili fenda yake ya nyuma imekatwa chini zaidi kuliko ya mbele, kwa hiyo hata gari ambalo halijaguswa pengo la nyuma huonekana dogo. Ukilishusha sawasawa, milimita 30 mbele na 30 nyuma, pengo la nyuma litakaribia kwisha wakati la mbele bado lipo, nawe utaapa kwamba nyuma imeshuka kupita kiasi. Haijashuka kupita kiasi. Ndivyo bodi ilivyo.

Kwa hiyo chukua tepu. Egesha mahali palipo sawa kweli. Sakafu nyingi za gereji zina mteremko wa kutolea maji, na mteremko huo huingia kwenye vipimo vyako bila kubisha hodi. Jaza matairi upepo unaotakiwa. Toa kila kitu kwenye buti isipokuwa tairi la akiba. Andika mafuta yaliyomo kwenye tangi, maana tangi la lita 60 likijaa ni kilo 45 hivi za petroli, na uzito huo unakaa nyuma. Kisha endesha gari mita chache mbele na kurudi. Hatua hii wengi huiruka. Gari likishuka kutoka kwenye jeki magurudumu hubaki yamejibana kwa ndani na kulizuia lisitue, na ukipima wakati huo utapata namba ambayo haipo. Bonyeza bampa ya nyuma mara tatu nne, liache litulie lenyewe.

Sasa pima wima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu hapo tairi na upepo wake vinaingia kwenye hesabu. Ardhi itumie kwa kipimo kimoja tu: kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi chini ya milango, karibu na gurudumu la mbele na karibu na la nyuma. Hicho ndicho kinachokuambia kama bodi imeinama kweli au ni fenda zinazokudanganya.

Kama hujafungua bado, pima leo, kabla ya kugusa nati yoyote. Kama umeshafunga, tafuta gari la aina ileile ambalo halijashushwa ulipime. Halafu soma karatasi iliyokuja na springi: inasema inashusha kiasi gani mbele na kiasi gani nyuma? Si kila seti hushusha sawa. Tena kumbuka kwamba namba ile huhesabiwa dhidi ya springi mpya za kiwandani. Gari la miaka 18 ambalo springi zake za zamani zilikuwa zimeshachoka milimita 15, ukilifunga springi ya “kushusha 30” utaliona likishuka 15 tu. Wengi hupigana na tatizo ambalo kumbe ni springi za zamani kuchoka.

Nyuma imebaki juu

Swali la kwanza ninalomuuliza mwenye gari: bolti za amu za nyuma, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu kwenye gari, zilikazwa gari likiwa wapi? Jibu huwa ni kwenye jeki.

Bushi nyingi za amu ni raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Bolti ikishabana, bomba la ndani halizunguki tena. Amu inapopanda na kushuka ni raba yenyewe inayojisokota na kujirudisha. Fundi akikaza bolti magurudumu yakiwa yananing’inia, raba inapumzika katika mkao huo wa kuning’inia. Ukilishusha gari chini, raba zote zinasokotwa kwa pamoja na zinasukuma kurudi zilikotoka. Umejiongezea springi nyingine bila kujua. Kwenye gari la kimo cha kawaida athari yake ni ndogo. Kwenye gari lililoshushwa amu husafiri mbali zaidi kutoka pale ilipokazwa, na athari huonekana kwa macho.

Niliwahi kuletewa Impreza wagon ya muundo wa GG ambayo mwenyewe alishanunua seti ya pili ya springi, iko kwenye buti, kartoni haijafunguliwa. Kabla ya kushushwa nyuma ilipimwa milimita 375. Karatasi iliahidi kushuka 30. Tepu ilisoma 363. Nikaliweka juu ya shimo likiwa limesimama kwa magurudumu yake, nikaingia chini, nikalegeza bolti za ndani za amu mbili za pembeni, kisha ile bolti ndefu ya nje inayopita kwenye kitovu, kisha bolti ya mbele ya amu ndefu. Nililegeza tu, sikutoa hata moja. Nati ya mwisho ya upande wa kushoto ilipoachia, bushi ilitoa mlio mfupi wa mlango mkavu, na nikaona kwa macho yangu ukingo wa fenda ukishuka dhidi ya tairi. Tukafanya na kulia, tukabonyeza bampa, tukapima: 347. Tukakaza palepale, uzito ukiwa chini. Ile kartoni alirudi nayo nyumbani kama ilivyokuja.

Kazi hii inataka gari liwe juu ya magurudumu yake: shimo, au lifti ile ya alaimenti ambayo gari huipanda kwa matairi. Kama huna, weka stendi imara chini ya bodi, kisha jeki chini ya kitovu cha gurudumu, upandishe taratibu hadi umbali wa kitovu na fenda ulingane na kimo unachokusudia, ndipo ukaze. Angalia gari lisiinuke kutoka kwenye stendi unapopandisha. Ukaze kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa spana ya upepo hadi ilie. Ile bolti ndefu ya Subaru ina sifa mbaya ya kushikana na bomba la bushi kwa kutu, hasa kwenye gari lililotoka Japani sehemu za theluji na chumvi. Inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uje asubuhi. Ukiilazimisha itakatika, na siku yako imeishia hapo.

Magari ya ekseli nzima ya kujipinda, kama IST na ndugu zake za gurudumu la mbele, fundi hubadilisha springi bila kugusa zile bolti mbili za mbele za ekseli. Kwa hiyo bushi zake zinabaki zimepumzika katika kimo cha zamani. Zilegeze, bonyeza gari, kaza tena. Dakika 20, na huenda ndizo milimita unazozitafuta.

Forester ina mtego wake. Baadhi ya Forester za vizazi vya SF, SG na SH ziliundwa na shokapu za nyuma zinazojisawazisha zenyewe: ukiweka mzigo nyuma, mtikisiko wa barabara huipampu shokapu kwa ndani hadi gari lirudi kwenye kimo chake. Kwa kuwa shokapu inabeba sehemu ya uzito, springi yake imetengenezwa laini. Sasa mtu ananunua springi za kushushia zilizotengenezwa kwa shokapu za kawaida, anazifunga juu ya shokapu hizi. Springi ngumu inabeba uzito wote, na shokapu nayo inapampu juu yake. Nyuma inapanda.

Dalili yake ni ya pekee: asubuhi gari limelala vizuri, ukienda kilomita chache na kurudi nyuma imenyanyuka. Basi pima mara mbili, kabla ya safari na mara tu unaporudi. Tofauti ikiwa kubwa, chungulia ndani ya fenda. Shokapu ya aina hii ni nene waziwazi kuliko ya kawaida. Ukiitambua, dawa ni moja: shokapu na springi ni mke na mume. Ama ubaki na vyote vya kujisawazisha, ama uondoe vyote, uweke shokapu za kawaida na springi zilizotengenezwa kwa ajili yake, pamoja na mauntingi za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi) zinazoendana. Ukichanganya utahangaika mwaka mzima.

Ikiwa bushi ni salama na shokapu ni za kawaida, tazama kama gari limekalia stopa, ile raba au povu gumu lililovaa fimbo ya shokapu. Springi fupi huileta shokapu karibu na stopa, na kama stopa ni ndefu gari linatua juu yake badala ya kutua juu ya springi. Utalijua kwa namna linavyotembea: kila tuta linapiga kwenye kiuno, na ukilibonyeza nyuma halina hata sentimita ya kushuka. Watengenezaji wengine wa springi hueleza kwenye karatasi yao ukate stopa kiasi gani. Fuata namba yao. Usiitupe stopa nzima, kwa sababu bila hiyo shokapu itagonga chuma kwa chuma na kufa. Ukitaka uhakika, funga kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isogeze hadi igusane na mwili wa shokapu, endesha barabara unayoizoea, kisha uone imesukumwa hadi wapi.

Yaliyobaki hapa ni mepesi. Shokapu mpya za gesi ya shinikizo kubwa zinaweza kuinua gari milimita kadhaa, kwa sababu gesi yenyewe husukuma fimbo nje muda wote. Hilo si kosa. Springi za wagon, za sedani, za gari la magurudumu manne na za gurudumu la mbele hazifanani hata kama zinaingia, basi soma namba iliyochapwa kwenye waya wa springi uilinganishe na kartoni. Na usishangae kukuta springi za mbele zimefungwa nyuma, nimeshalikuta.

Nyuma imelala

Kama vipimo vya ukingo wa chini ya milango vinakuambia bodi iko sawa, tatizo ni sura ya fenda tu. Unaweza kuliacha. Unaweza pia kuinua nyuma kidogo ili jicho liridhike, na namna zake nitazieleza hapa chini. Lakini kama nyuma imelala kweli, anza na uzito.

Hapa Dar siku hizi magari mengi yamefungwa mtungi wa gesi asilia kwenye buti. Mtungi wa chuma wa lita 60 una kilo 60 hivi, bado vyuma vya kuushikilia. Fanya hesabu. Tuseme springi zako za nyuma zina ugumu wa kilo 3 kwa milimita kila moja, na ziko kwenye shokapu yenyewe kama za Impreza. Mbili ni kilo 6 kwa milimita. Kilo 60 ukigawa kwa 6 ni milimita 10, na hiyo ni kama mtungi umekaa juu ya ekseli hasa. Ukikaa nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa buti, itakuwa zaidi. Ongeza sabufa na boksi lake la mbao, ongeza abiria wawili, umeshazimaliza milimita zote ulizobakiwa nazo kabla ya stopa. Karatasi ya springi haikuandikwa kwa ajili ya gari hilo. Mwenye mtungi namshauri atafute springi zinazoshusha nyuma kidogo kuliko mbele, au abaki na za nyuma za kiwandani zikiwa mpya.

Sababu ya pili ni raba ya juu ya springi. Juu ya springi, kati yake na mauntingi au bodi, hukaa pete ya raba nene. Inapozeeka hubonyea na kupasuka, na fundi mwenye haraka huiacha mezani pamoja na springi za zamani. Kila milimita ya raba iliyokosekana ni milimita ya kimo. Kwenye Mercedes za zamani raba hizi ni chombo cha kurekebishia kimo: zina vinundu kwa nje, kimoja hadi vinne, na kila kinundu huongeza unene kwa kama milimita 5. Ukinunua bila kuhesabu vinundu, unanunua kwa bahati nasibu.

Sababu ya tatu ni ile Forester iliyotajwa, ila kinyume. Shokapu za kujisawazisha zimekufa, mtu anaweka shokapu za kawaida na kuacha springi laini za awali, au anazikata kidogo “zishuke”. Springi ile haikuumbwa kubeba uzito wote. Nyuma italala hata ungebadilisha shokapu mara tatu.

Ya nne: kikombe cha springi kwenye shokapu. Shokapu za gari jingine, hata la kampuni hiyohiyo, zinaweza kuingia vizuri kwenye mashimo ya bolti huku kikombe chake kikiwa chini au juu kwa sentimita nzima. Laza shokapu ya zamani na mpya sambamba sakafuni, pima kutoka tundu la bolti ya chini hadi kikombe. Hilo lifanye kabla ya kufunga, si baada.

Sasa namna za kuinua. Kwenye gari ambalo springi imevaa shokapu, kama Impreza, kuna vipande vya alumini au plastiki ngumu vinavyowekwa kati ya mauntingi na bodi. Kipande cha milimita 10 huinua takriban milimita 10. Lakini elewa kinachofanya: kinaisukuma bodi juu huku mauntingi na stopa vikibaki vilipokuwa, kwa hiyo nafasi ya shokapu kabla ya kugonga stopa haiongezeki hata kidogo. Gari lililokuwa linapiga stopa litaendelea kupiga likiwa juu zaidi. Raba nene chini au juu ya springi ni tofauti: hiyo inainua bodi na papo hapo inaiachia shokapu nafasi ya kushuka. Anayetaka sura pekee, kipande cha juu kinamtosha. Anayepiga stopa anahitaji raba, au springi ndefu zaidi. Ukiweka kipande cha juu hakikisha nyuzi za bolti za mauntingi bado zinatokeza kupita nati. Nati iliyoshika nyuzi tatu haijashika kitu.

Kwenye magari ambayo springi imekaa peke yake juu ya amu, mbali na shokapu, hesabu inabadilika. Springi ikiwa katikati ya amu, raba ya milimita 10 itainua gari milimita 20 kwenye gurudumu. Wengi huweka raba nene wakijua wanapata kumi, wakapata ishirini, kisha wakarudi kuzikata. Pima umbali kutoka bolti ya ndani ya amu hadi springi, na kutoka bolti hiyo hadi gurudumu, ugawe.

Upande mmoja uko chini

Milimita 5 kati ya kulia na kushoto sitazitafuta. Zikizidi 10 kuna kitu.

Ondoa gurudumu la upande ulio juu, mulika tochi kwenye kikombe cha chini cha springi. Kikombe kina kingo iliyoinuka kama ngazi ndogo, na ncha ya waya wa springi inatakiwa iegemee pale. Ncha ikipanda juu ya ngazi, springi inakaa juu kwa unene wa waya, na waya huwa na milimita 12 hivi. Mara nyingi hili ndilo jibu, na hutokea fundi anapofungua kibano bila kuizungusha springi hadi iguse. Geuza pia kichwa uone kama maandishi kwenye springi yanasomeka wima. Yakiwa kichwa chini, huenda springi imepinduliwa na haijakaa kwenye kikombe chake.

Kisha fungua linki moja ya stabilaiza ya nyuma, ile fimbo inayounganisha kulia na kushoto, bonyeza gari, pima. Kama pande zimesawazika, stabilaiza ilikuwa imejibana au linki zake si za urefu mmoja. Rudia na ya mbele, kwa sababu tatizo la mbele kushoto huweza kujionyesha nyuma kulia. Bodi ya gari ni kama meza ya miguu minne.

Ikiwa bado, badilishana springi: ya kulia nenda kushoto. Upande ulio chini ukihama pamoja na springi, springi ndiyo yenye kosa na una haki ya kuirudisha. Usipohama, kosa liko kwenye gari: amu iliyopinda, mauntingi iliyochanika, au bodi iliyonyooshwa baada ya ajali kabla ya kuletwa nchini. Pima kutoka bolti za amu hadi sehemu zinazofanana za bodi, kulia na kushoto, na huko ndiko utakakoukuta ukweli ambao cheti cha ukaguzi hakikuuandika.

Tafadhali, springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Tumia vibano viwili vinavyokabiliana, vikazwe kwa zamu, kwa spana ya mkono, na usiweke uso wala kifua usawa wa springi. Nati ya juu ya shokapu usiifungue mpaka umeiona springi imelegea kwenye vikombe vyote viwili.

Ilikuwa sawa, baada ya wiki ikashuka

Springi mpya hutulia milimita chache katika siku za mwanzo, na bushi nazo huzoea. Hilo usilitibu. Ikiendelea kushuka kila mwezi, ni chuma duni. Ikishuka ghafla siku moja upande mmoja, na ukasikia mlio kwenye matuta, tafuta waya uliovunjika kwenye mzunguko wa chini kabisa. Huvunjikia pale na kubaki umejificha ndani ya kikombe. Lisiendeshwe, kwa kuwa ncha iliyovunjika ikitoka hukata ubavu wa tairi.

Bushi zilizokazwa hewani nazo huleta dalili hii kwa njia ya kuhuzunisha: gari linakaa juu wiki kadhaa, kisha linashuka “lenyewe” na mwenyewe anafurahi. Limeshuka kwa sababu raba imechanika.

Grainda na moto

Najua vinafanyika na najua kwa nini: ni bei ya chakula cha mchana. Kukata mzunguko mmoja kunaifanya springi iwe ngumu zaidi na kuiondolea ncha iliyotengenezwa ikae kwenye kikombe. Moto ni mbaya zaidi: chuma cha springi hupata nguvu yake kwa namna kilivyopashwa na kupozwa kiwandani, na ukikichoma kwa mtungi wa welda unaifuta nguvu hiyo pale ulipochoma. Springi itashuka leo na kuendelea kushuka, bila pande mbili kulingana, na siku moja itavunjika mtu yuko barabarani na watoto nyuma. Sifanyi, na aliyeniomba nimfanyie nimemkatalia.

Jaribio la kufanya kwa springi yoyote fupi: liinue gari hadi magurudumu ya nyuma yaning’inie, ushike springi kwa mkono. Ikicheza au kutoka kwenye kikombe, haifai na shokapu hiyo.

Ukishapata kimo

Peleka gari alaimenti, na uende nalo likiwa na mafuta na mzigo wa kawaida. Kwenye Impreza na Forester za zamani, mwelekeo wa magurudumu ya nyuma hurekebishwa kwa bolti yenye pete ambayo tundu lake haliko katikati, kwenye amu ya nyuma; ukiizungusha, amu husogea. Kama ulizilegeza bolti za amu, uliweka alama ya rangi kabla? Kama hukuweka, na usipoenda alaimenti, tairi zinaweza kulika upande mmoja ndani ya miezi michache.

Magari mengi ya Kijapani yenye taa za HID (xenon) yana kihisi cha kimo kwenye amu ya nyuma kinachoinua na kushusha taa. Nyuma ikibadilika kimo, taa zinaelekea kwingine. Simama usiku mbele ya ukuta uangalie, kisha urekebishe.

Hiace na pikapu nyingi zina kitu cha hatari zaidi: vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Ekseli ikikaribia bodi, vali inadhani gari limebeba mzigo na kuachia nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukishusha gari tupu, vali inaona limejaa. Ukikanyaga breki kwenye mvua, magurudumu ya nyuma yanajifunga kabla ya ya mbele na mkia unapita ubavuni. Fimbo hiyo lazima irekebishwe kwa kiasi kilekile ulichoshusha, tena siku hiyohiyo.

Baada ya kilomita 500 hivi rudi palepale ulipopimia, upepo na mafuta yakiwa kama mara ya kwanza, upime pembe zote nne tena na kuandika kwenye karatasi ileile. Ukimpelekea fundi au muuzaji, mpelekee na karatasi hiyo.